Dogo wa Steshenari, Meneja wa Nairobi na Wimbo Uliokwama Asilimia 61

Wale mliofungua websaiti ya yule dada mwimbaji wa Kanda ya Ziwa Jumatatu ile ya tarehe 13 Mei 2024, mkabonyeza wimbo wa mama, mkakuta kabla hata gitaa halijaingia kuna sauti nzito ya mwanaume inapaza jina la kampuni yake mara mbili, wengi mlidhani ni mbwembwe za produsa. Kuna aliyeandika kwamba jamaa huyo hata msibani angejitangaza kabla ya sala. Kumbe dada mwenyewe alikuwa hajui kitu. Na aliyefungua mlango sauti ile ikaingia ni kijana mmoja wa steshenari huko Rwamgasa, Geita, ambaye hadi leo kuna wanaomuita msaliti na kuna wanaosema bila yeye dada angekuwa hana wimbo wala websaiti. Majina yote yanabaki kapuni. Wenyewe wanajuana.

Kwa wasioijua, Rwamgasa ni mgodini. Wengine wanaandika Lwamgasa, na kwenye maongezi hakuna anayejali, R na L kule ni ndugu. Ni maduara, ni karasha zinasaga mawe kutwa nzima, ni mialo, ni marudio yamerundikwa nyuma ya nyumba, ni wanaapolo wanaolala maskini, wanaamka matajiri, na kabla wiki haijaisha wamerudi walikotoka. Wataalamu wa dunia wanaijua kwa zebaki. Kuanzia 2002 hadi 2007 UNIDO ya Umoja wa Mataifa iliendesha mradi wa zebaki kwenye nchi sita, na kwa Tanzania waliweka kambi hapo hapo. Siku hizi kuna kituo cha mfano cha STAMICO kinachowaonyesha wachimbaji wadogo namna ya kuchenjua kwa njia bora zaidi. Kwa hiyo jina la Rwamgasa lipo kwenye ripoti nyingi tu. Kwenye stori za muziki halipo, na kwenye stori za kompyuta ndiyo kabisa.

Dada kazaliwa huko. Mama yake ni mponda mawe, wale kina mama wanaokaa chini na nyundo na kipande cha mpira, wanaponda jiwe hadi liwe kokoto ndogo za kupeleka karasha. Kasomesha watoto watatu kwa nyundo hiyo. Dada alipomaliza kidato cha nne akaenda Mwanza, akaanza kuimba kwenye baa, akapata jina dogo, akapata meneja. Hapo ndipo ulipoanza mchezo ambao wasanii wetu wengi wanaujua: chaneli ya YouTube ilifunguliwa na meneja, kwa barua pepe ya meneja, kwa namba ya simu ya meneja. Nyimbo tatu za kwanza zote ziko huko. Walipokorofishana kidogo tu mwaka 2023, dada hakuweza kubadilisha hata picha yake mwenyewe. Akakaa miezi minne anaangalia chaneli yenye sura yake kama mpangaji anayechungulia dirishani kwenye nyumba aliyofukuzwa.

Walipatana baadaye, maana meneja ndiye alikuwa na studio na ndiye alikuwa na watu. Ila safari hii dada akasema wimbo wa mama atauweka kwenye nyumba yake mwenyewe. Websaiti yake, domeini ya .co.tz imesajiliwa kwa jina lake kamili lile la kwenye kitambulisho cha NIDA, hosti kalipia mwenyewe, neno la siri analijua yeye na fundi tu. Watu walimcheka. Nani siku hizi anahangaika na websaiti wakati Instagram ni bure? Na kweli, tangu kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilipowataka mabloga waombe leseni, gharama zote zikijumlishwa zinapita shilingi milioni mbili, vijana wengi hata neno websaiti walilisikia kama neno la polisi. Ada ilipunguzwa baadaye lakini woga haukupungua sana. Dada hakuwa bloga, alikuwa anataka ukurasa wa kuweka wimbo wake, picha zake na namba ya simu ya shoo. Akampigia fundi anayemwamini, ambaye walikaa naye dawati moja darasa la sita.

Fundi mwenyewe ndiyo huyu dogo wa steshenari. Kidato cha nne, matokeo siyo ya kutangaza. Kazi yake ni kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, kujaza fomu za ajira za watu wengine, na kuwawekea wanaapolo nyimbo kwenye memori kadi. HTML kajifunza YouTube kwa bando la usiku, saa sita hadi saa kumi na moja alfajiri, miaka miwili. Alikuwa ametengeneza websaiti kama kumi hivi, zote nzuri, zote hazijawahi kutoka kwenye laptopu yake. Walikubaliana laki tatu, nusu kianzio. Ile laki na nusu ya kwanza alinunulia betri ya laptopu, kwa sababu umeme wa kule ukiamua kwenda huagi.

Sasa kabla ya kumlaumu mtu, ni vizuri ieleweke kazi yenyewe ilikuwa nini, maana kwenye maoni wengi waliandika "si angepost tu". Websaiti ikiwa kwenye laptopu yako ni jiwe lenye dhahabu lililoko chini ya duara. Ni mali, lakini hakuna atakayeiona mpaka uivute juu. Kuivuta juu ni kuchukua kila faili, kurasa, picha, rangi, nyimbo, na kulinakili kwenye kompyuta nyingine inayowaka usiku na mchana, ndiyo seva. Ya dada ilikuwa Ujerumani, kwa sababu huko ndiko dogo alikoona bei nafuu. Njia ya kupandishia inaitwa FTP, na ni ya kizamani kuliko wazazi wa wengi mnaosoma hapa. Iliandikwa Aprili 1971 na kijana Mhindi aliyekuwa MIT Marekani, Abhay Bhushan. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka kumi tu ya uhuru. Programu aliyotumia dogo ni FileZilla, iliyoanzishwa 2001 na Mjerumani Tim Kosse na wanafunzi wenzake kama kazi ya darasani, na ni ya bure. Unaandika jina la seva, jina la mtumiaji, neno la siri, unabonyeza. Kushoto unaona mafaili yako, kulia unaona ya seva. Unaburuta kutoka kushoto kwenda kulia. Ni hivyo tu, kwa maneno.

Kwa vitendo, Jumamosi ya tarehe 11 dogo alikesha. Wimbo ulikuwa utoke kesho yake, Jumapili ya tarehe 12, kwa sababu ilikuwa Siku ya Mama Duniani. Dada alikuwa ameshatangaza redioni. Alikuwa ameshachapa fulana arobaini zenye anwani ya websaiti mgongoni. Mama yake alikuwa ameshaambiwa aache nyundo siku hiyo.

Saa tatu usiku dogo akapandisha kila kitu, akafungua anwani kwenye simu, akakuta ukurasa mweupe wenye maneno ya kampuni ya hosti. Moyo ukashuka. Kumbe mafaili kayaweka nje ya folda ya public_html, na seva inaonyesha kilichomo ndani ya folda hiyo tu. Ni kama kupeleka mzigo hadi Kariakoo halafu ukaushusha barabarani nje ya duka. Akahamisha. Ukurasa ukaja, lakini nusu ya picha hazionekani, viboksi vitupu. Kwenye laptopu zinaonekana vizuri tu. Hapo alihangaika hadi saa saba, anafuta, anapandisha upya, bando linaisha, anajiunga tena. Tatizo likawa herufi. Picha ya kijiji aliiandika Rwamgasa.jpg kwa R kubwa, kwenye ukurasa kaandika rwamgasa.jpg kwa r ndogo. Windows haijali. Seva nyingi zinatumia Linux, na Linux inaona hayo ni majina ya watu wawili tofauti. Kijiji kizima kinaishi kwa amani na R na L, halafu mashine inagoma kwa R na r! Picha 37 zilikuwa na ugonjwa huo. Alizibadilisha moja moja.

Saa tisa usiku websaiti ikasimama. Nzuri. Picha ya juu kabisa ni mikono ya mama na nyundo. Kilichobaki ni wimbo wenyewe tu, ambao studio walikuwa bado wanausafisha.

Wimbo ulifika WhatsApp Jumapili asubuhi. Dakika 3 na sekunde 48, ubora wa juu, MB 9.1. Kwa siku ya kawaida hiyo ni kazi ya kunywa chai. Akaupandisha, akaona msitari unatembea, asilimia 20, 40, 55, 61. Ukasimama.

Akadhani bando. Akajiunga lingine. Akadhani laini, akaazima simu ya mwenye duka la jirani, mtandao mwingine kabisa. WhatsApp tiki moja. Watu wakaanza kutoka nje wameinua simu juu kama wanaombea mvua. Mawakala wa miamala wakaanza kugombana na wateja. Kila mtu na nadharia yake, mmoja anasema wamezima, mwingine anasema mnara umepigwa radi. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye siku hiyo: kebo mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikuwa zimepata hitilafu kusini huko, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. SEACOM ndiyo iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na sehemu kubwa ya intaneti ya nchi ilikuwa inapita humo. Hali ilikuwa mbaya hadi Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukafunga huduma kwa umma tarehe 14 na 15. Ubalozi wa Marekani umekwama, sembuse steshenari ya Rwamgasa.

Intaneti haikuwa imekufa kabisa, na hilo ndilo lilitesa zaidi. Vitu vidogo vilikuwa vinapenya. Ukurasa wa maandishi unafunguka baada ya dakika sita. Kwa hiyo mtu mwenye subira aliweza kuifungua websaiti ya dada, aliweza kubonyeza wimbo, na alichopata ni ile asilimia 61 iliyokwishafika. Wimbo unakatika dakika ya 2 na sekunde 19, katikati ya neno. Dogo alijaribu kuendelea pale ulipoishia, maana programu inaruhusu, lakini kila ikishika inaachia. Akaupunguza ubora wimbo hadi MB 2.7, sauti ikawa kama inatoka kwenye ndoo, na wenyewe haukufika. Saa nane mchana akafanya jambo la maana, akalifuta lile faili la nusu ili watu wasisikie wimbo uliokatwa kichwa. Ukurasa ukabaki na picha ya mikono ya mama na kitufe kisichofanya kitu.

Kuna jambo la kusema hapa ambalo vijana wengi wanaofungua websaiti hawaambiwi. Kama seva ingekuwa Dar es Salaam, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Kampuni za mtandao za ndani zinakutana na kubadilishana data pale pale Dar, sehemu inaitwa TIX, na mzigo wa Geita kwenda Dar hauhitaji kwenda kuoga baharini kwanza. Hosti ya ndani mara nyingi ni ghali kidogo. Watu wanaokoa elfu ishirini kwa mwaka halafu siku kebo ikikatika, picha zao ziko ng'ambo na wao wako ng'ambo hii.

Saa kumi simu ikaita. Meneja. Yeye alikuwa Nairobi kwa mambo yake. Kenya nao waliguswa, lakini wao wana kebo nyingine inaitwa TEAMS, inatoka Mombasa kwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, ipo tangu 2009, kwa hiyo walikuwa wanatambaa wakati sisi tumelala chali.

"Dogo, nasikia umekwama."

"Kaka shikamoo. Kweli kaka, mtandao hakuna huku."

"Marahaba. Sikiliza. Wimbo ninao hapa, studio walinitumia tangu asubuhi. Huku intaneti ipo. Nipe paswedi, dakika tano nimemaliza. Dada yako anaaibika, watu wana fulana zake mgongoni."

Dogo akasema atampigia. Meneja akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kuna laki tatu yake, cash, akishatoa. Yaani malipo ya kazi nzima, mara ya pili, kwa meseji moja.

Akampigia dada. Dada alikuwa Mwanza, nyuma ya jukwaa, anasikika kabisa kwamba analia au amemaliza kulia. Alichosema kinarudiwa hadi leo na kila upande kwa namna yake, lakini wote wanakubaliana maneno yalikuwa haya: "Fanya unavyojua. Ila paswedi yangu asiipate."

Halafu akakata.

Laki tatu dogo hakuchukua. Na hilo hata meneja mwenyewe hakatai. Alichofanya ni kitu ambacho mabosi wengi wa ofisi za mjini hawajui kama kipo. Kwenye cPanel, yaani kile chumba cha funguo cha hosti, unaweza kutengeneza akaunti nyingine ya FTP yenye neno lake la siri, na ukaifungia kwenye folda moja tu. Anayeingia nayo anaona folda hiyo peke yake, akidhani ndiyo nyumba nzima. Dogo alihangaika dakika arobaini kwa sababu ukurasa ulikuwa unafunguka kwa kudondosha, mara mbili ukamtoa nje, mara ya tatu ukakubali. Akatengeneza akaunti ya folda ya nyimbo. Akaituma kwa meseji ya kawaida, maana SMS haijui habari za kebo za baharini.

Baada ya robo saa simu ikaita tena.

"Dogo, mbona naona folda moja tu?"

"Ndiyo hiyo kaka. Weka humo, jina liwe mama.mp3, herufi ndogo zote."

Kimya. Kimya kirefu. Kisha, "Umekuwa mjanja siku hizi."

"Kaka, herufi ndogo zote tafadhali."

Saa mbili kasoro usiku faili likaonekana kwenye seva. Na hapa ndipo mashabiki wanapogawanyika, kwa hiyo soma taratibu. Dogo hakuweza kuusikiliza, kwa sababu kushusha MB 9 kwa mtandao ule ilikuwa ndoto. Ila orodha ya mafaili ilimfungukia, na orodha inaonyesha ukubwa. Faili lake lilikuwa MB 9.1. La meneja lilikuwa MB 9.5. Kwa ubora ule, tofauti hiyo ni kama sekunde kumi za sauti. Sekunde kumi za ziada kwenye wimbo uliokwisha. Aliona. Mwenyewe hajawahi kusema hakuona. Alijiambia labda studio waliongeza kitu mwishoni, labda ni toleo jingine. Kwenye mgodi kila mtu anajua mzani ukizidi gramu ambayo hukuitegemea hushangilii kwanza, unauliza. Dogo alikuwa hajalala saa thelathini na sita, mama wa dada alikuwa amekaa kwenye benchi la steshenari tangu saa kumi na moja na kitenge kipya, na nje watu walikuwa wamejaa. Akaacha.

Upande wa "msaliti" unasimama hapo: aliona uzito umezidi, akanyamaza. Upande mwingine unauliza, wewe ungefanyaje? Ungelifuta, halafu Siku ya Mama iishe na kitufe kisichofanya kitu? Ukweli ni kwamba angeweza kumpigia dada dakika ile ile amwambie, simu zilikuwa zinaita vizuri tu. Hakumpigia. Hilo halina utetezi mzuri, hata uzungushe vipi.

Mama yeye hakuusikia kutoka websaiti. Dogo alimwekea ule wa kwenye laptopu, msafi, kupitia spika kubwa ya kutangazia ofa za kopi. Wanaapolo walisimama na chepe zao. Mama alisikiliza wote hadi mwisho bila kutikisika, mikono mapajani. Ulipoisha akasema kwa Kisukuma kwamba ni mrefu, watu wakacheka, kisha akaomba urudiwe. Ulirudiwa mara saba. Kuna mwenye karasha alizima mashine yake, na mwenye karasha kuzima mashine bila umeme kukatika ni habari kubwa kuliko wimbo.

Jumatatu mtandao ukaanza kurudi kwa kusuasua, watu wa mijini wakafungua, wakakutana na sauti ya meneja inapaza jina la kampuni juu ya wimbo wa mama mponda mawe. Dada alikuwa kwenye daladala Mwanza, abiria wa mbele ndiye aliyeubonyeza. Alishuka kituo ambacho siyo chake. Simu aliyompigia dogo ilidumu dakika kumi na tisa na hakuna aliyeisikia yote, ila mwenye duka la jirani anasema dogo alisema "nisamehe" mara nyingi hadi ikaacha kuwa neno.

Siku hiyo hiyo dogo aliifuta ile akaunti ya pili. Akabadilisha na neno la siri kuu, kwa tahadhari tu, ingawa hakuna aliyewahi kulipata. Wimbo msafi aliupandisha usiku wa Jumanne, saa nane, ukichukua kidogo ukipumzika, ukichukua kidogo ukipumzika, na safari hii alikaa akausikiliza wote kutoka kwenye seva kabla hajafunga laptopu. Jumatano asubuhi ile sauti ilikuwa haipo tena. Ndiyo maana waliochelewa kufungua wanabishana na waliowahi, kila mmoja anaapa alichosikia, na wote wako sahihi.

Meneja anasema alikuwa na haki, studio ni yake, saa za studio ni zake, na alama ya kampuni ni jambo la kawaida Bongo nzima. Kuna ukweli kidogo. Lakini aliambiwa aweke wimbo, hakuambiwa aweke kibao cha duka. Na kama alikuwa anajiamini kiasi hicho, kwa nini hakusema kwenye simu? Wamemaliza mkataba mwishoni mwa mwaka huo huo. Chaneli ya zamani bado iko kwake. Nyimbo tatu zile dada ameshazililia, amezisamehe.

Dogo alilipwa laki na nusu iliyobaki, yote, siku ya Ijumaa, bila neno lolote kwenye muamala. Walikaa wiki saba bila kuongea. Sasa hivi wanaongea. Wanaosema ni wapenzi waendelee kusema, hakuna ushahidi, zaidi ya kwamba dada alivyokuja kumsalimia mama Desemba alikaa steshenari kuliko alivyokaa nyumbani, na hiyo inaweza kuwa ni kwa sababu ya feni. Seva wameihamishia Dar. Wenye karasha wawili na muuza vipuri mmoja wameshaweka oda ya websaiti, na kila mteja anapewa neno lake la siri kwenye karatasi, linakunjwa, anaambiwa akalifiche mwenyewe.

Wiki ile ya Mei, kabla mambo hayajatulia, mama alipita steshenari akitoka mwaloni. Alikuwa amesikia watu wanabishana kuhusu Ujerumani na hakuelewa Ujerumani inaingiaje.

"Mwanangu, hiyo picha ya mikono yangu iko wapi hasa?"

Dogo akamweleza. Kompyuta kubwa, haizimwi, iko Ujerumani, ukifungua kwenye simu inatokea huko inakuja hapa.

Mama akaitazama mikono yake, akaigeuza upande wa pili.

"Na huko wanajua ni ya nani?"

Dogo akasema kwenye ukurasa kuna jina lake, chini ya picha. Mama akataka kuliona. Mtandao ulikuwa bado mzito, ukurasa ulichukua karibu dakika nne, na mama hakukaa, alisubiri amesimama, ndoo ya marudio imo mkononi. Lilipokuja akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Akamwambia dogo ameandika L, wao nyumbani kwao wanaandika R.

Akalirekebisha hapo hapo. Faili la KB 4, likapanda mara moja.